Lebo ya Matone

Hebu niambie wewe unayesikiliza: umewahi kumzaa mtu kwa penseli, ukamlea mpaka nywele zako zikawa nyeupe, kisha wakatokea watu usiowajua wakakwambia kwamba mtoto huyo hukumjua? Kama hujawahi, sogea karibu. Tusekile yalimkuta hayo, na yalimkuta akiwa jikoni anakoroga uji wa ulezi, na uji wa ulezi hauachwi hivi hivi ukaenda kuongea na mtu.

Kioo kikaita sebuleni. Siku hizo nyumba zote za milimani Tukuyu zilikuwa na kioo ukutani, hata zile ambazo bado zilipikia mafiga. Cha Tusekile kilikaa katikati ya picha ya harusi na saa iliyosimama, na alikuwa amekifunika kwa kitambaa alichotarizi mwenyewe, maua mekundu na kasuku wawili, kwa sababu hakupenda kitu kinachomtazama anapokula. Kikaita, kikaita. Akaipua sufuria, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaenda kukifunua.

Ndani yake alikuwamo mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa kwa pasi, macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi.

"Shikamoo bibi. Naitwa Ambakisye. Mimi ni mwamuzi wa Ghala la Sura."

"Marahaba, baba. Mwamuzi wa mpira?"

"Hapana, bibi. Wa migogoro ya lebo."

"Haya, sema. Uji wangu unaganda."

"Ni kuhusu Matone, bibi. Tumemfungia."

Tusekile akavuta kigoda, akakaa. Uji akausahau.

Matone alikuwa mtu wa mvua. Buti za mpira mpaka magotini, koti la mtumba lililompwaya, jani la mgomba kichwani limefungwa kwa kamba chini ya kidevu, na uso unaoonekana kidogo tu, macho na mashavu ya mtu anayekaribia kucheka. Kazi yake ilikuwa kuwavusha watu mito iliyofurika. Akimaliza kuvusha hakungoja shukrani, alikwenda zake mto mwingine. Tusekile na mdogo wake Subilaga walianza kumchora wakiwa wasichana, katika gazeti la watoto lililokuwa likichapwa Mbeya, na gazeti lilipokufa Matone hakufa nalo. Waliendelea kumchora, na picha zake zote zikaingia Ghala la Sura.

Ghala hilo ni nyumba isiyo na kuta. Kila mtu aliyewahi kuchorwa, awe wa gazetini, wa ukutani mwa kinyozi au wa kwenye daftari la shule, ana nafasi yake humo. Mwanzoni zilikuwa picha za kutazama tu. Kisha mafundi wakapata njia ya kuzitia uhai. Unaita jina, na yule mtu wa kwenye picha anatoka kwenye kioo akiwa nuru tupu, anakaa kitako kwenye mkeka wako, anakujulia hali, mnazungumza. Watoto wengi wa nchi hii walifundishwa kusoma na watu wa namna hiyo. Ila hatoki mtu mpaka awe na lebo zake: umri, kazi, mavazi, na kama ni mwanamke au mwanamume. Lebo hizo huwekwa na wasomaji wenyewe, popote walipo, na hapo ndipo moto ulipowakia.

"Asubuhi wanaandika ni mwanamke," Ambakisye alisema. "Adhuhuri wengine wanafuta, wanaandika ni mwanamume. Jioni wanarudi wale wa kwanza. Wanatukanana mpaka nasikia aibu kusoma."

"Na Matone amefungiwa kwa kosa gani?"

"Hana kosa, bibi. Wenye kosa ni wanaogombana."

"Basi wafungie hao."

Ambakisye alikaribia kucheka, akajizuia. Akaeleza kwamba Jumamosi kutakuwa na baraza hapo hapo sebuleni kwake, watu wakija kupitia kioo. Atakayetoka pale bila lebo atapelekwa Chumba cha Kimya, mahali ambapo picha haionekani, haitafutiki, wala hakuna mtoto atakayeijua tena. Lakini kulikuwa na sheria moja ya kumwokoa. Waasisi wa mtu, kama wako hai na wamekubaliana neno moja, neno lao hukaa na hakuna wa kuligusa.

"Mko wawili, sivyo, bibi?"

"Tuko wawili," Tusekile alisema, akakifunika kioo na kasuku wake.

Subilaga alikuwa palepale sebuleni, kwenye kiti chake cha dirishani, ungo wa maharage mapajani. Alichambua mawe kwa ncha za vidole, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imemla nuru kidogo kidogo, kama panya anavyokula kona ya gunia, mpaka siku moja akauliza kama kumekucha na jua lilikuwa utosini. Tangu hapo Tusekile alihamishia penseli zake jikoni. Hakuona vizuri kuchora mbele ya mtu asiyeona, kama usivyotafuna nyama mbele ya aliyefunga. Alichora kwa siri, mkono mwepesi.

"Umesikia?" Tusekile aliuliza.

"Nimesikia. Uji umeganda."

"Acha uji, Suba."

"Nisomee basi wanavyotukanana. Na mimi nicheke."

Tusekile akakifunua kioo tena, akayaita maneno ya wagombanao, akasoma kwa sauti. Wa upande mmoja walisema Matone ni mwanamke, maana katika picha fulani amembeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, na mbeleko ameifunga vizuri. Wa upande wa pili walijibu kwamba ni mwanamume, maana amepanda juu ya paa kupigilia bati. Mwingine akaandika kwamba mama yake hupigilia mabati, na baba yake akipanda ngazi hushikwa na kizunguzungu. Mwingine akamwambia huyo aende akampikie baba yake.

"Huyo nampenda," Subilaga alisema.

Halafu palikuwa na Mkadiriaji. Hiyo ni mashine ya Ghala inayopima. Inapima upana wa mabega na nyonga, urefu wa hatua, pembe ya taya, kisha inalinganisha na watu wote waliokwisha kupewa lebo, inatoa kadirio. Kwa Matone ilipima koti la mtumba na jani la mgomba, kwa kuwa ndivyo vilivyoonekana, na kila ikipimishwa ilitoa jibu jingine. Mara moja iliandika kwamba huenda ni mmea.

Subilaga alicheka mpaka maharage yakamwagika. Tusekile akapiga magoti kuyaokota, na akiwa pale chini akamsikia mdogo wake anauliza polepole, kicheko kimekwisha:

"Hivi wakimpa sauti, itakuwaje?"

Hapo Tusekile akakamatwa. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba lebo hatoi, waje na baraza, waje na mashine. Lakini huyu hapa mdogo wake, mwenye nusu ya Matone mikononi mwake, ambaye hatamwona tena. Kilichobaki ni kumsikia. Na sauti haiji bila lebo. Ukimpa Matone lebo, Subilaga atamsikia. Ukimnyima, Matone atazikwa Chumba cha Kimya na Subilaga atabaki na giza lake na ungo.

Angeweza kumwuliza, unataka nini? Watu wengine wangeuliza. Lakini hawa wawili hawakulelewa hivyo. Mama yao alikuwa akisuka mkeka mmoja na jirani yake, kila mmoja ameanzia ncha yake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake anaelekea wapi. Ulifuata ulichoachiwa na mkono wa mwenzio. Wasichana nao wakachora hivyo. Mmoja alichora picha moja, akasukuma karatasi upande wa pili wa meza. Mwenzake akaendelea na alichokikuta. Ukiuliza umeharibu. Tusekile alimwingiza Matone mtoni, maji kifuani. Subilaga akamfunga mtoto mgongoni. Kila mmoja alikuwa na Matone wake kichwani, na uzee umewakuta hawajaulizana. Sasa Ghala linataka waulizane mbele za watu, na Tusekile aliogopa jibu. Je, alijiuliza, Suba akisema neno ambalo kwangu si Matone?

Akayarudisha maharage kwenye ungo. "Sijui itakuwaje," alisema.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile ya Tukuyu isiyo na haraka. Tusekile alitandika mkeka mpya, akachemsha chai ya maziwa, akapanga vikombe, kisha akakumbuka kwamba wageni ni nuru tupu na hawanywi. Akavirudisha kabatini, akabakiza viwili.

Ambakisye alitokea kwanza. Kisha wakatokea wawili kutoka pande za ugomvi, wakakaa kwenye mkeka, kila mmoja ukingoni mwake. Moshi wa jikoni ulipopita, walipepesuka kama nguo kambani. Mwanamke aliitwa Delfina Mlelwa, rubani wa ndege za mizigo. Mwanamume aliitwa Yoramu, muuguzi kutoka Sumbawanga.

"Shikamooni, mama zangu," Delfina alisema. "Naomba nisionekane mkorofi. Nimekulia nyumba ambayo msichana hakuruhusiwa kushika hata baiskeli. Nikamwona Matone anaingia mtoni, maji kifuani, hamwombi mtu ruhusa. Nikajiambia, kumbe inawezekana. Leo narusha ndege. Mkisema alikuwa mwanamume, mtakuwa mmenidanganya utoto wangu wote."

"Na mimi je?" Yoramu alisema. "Mama alifariki akinizaa. Baba akanibeba kwa mbeleko, sokoni, shambani, kila mahali. Wanaume wenzake wakamwita Mama Yoramu. Siku gazeti lilipoleta Matone na mtoto mgongoni, baba alikata ule ukurasa akaubandika ukutani kwa gundi ya unga. Amekufa akijua kwamba duniani ana mwenzake mmoja."

"Pole kwa baba," Delfina alisema. "Lakini mbeleko ni mbeleko, kaka."

"Na mto ni mto. Au siku hizi na mito ni ya wanawake?"

"Usinianze."

"Nilikuanza zamani, wewe hukuwa na jibu."

"Jamani," Ambakisye alisema, "tuko nyumbani kwa wazee."

Tusekile aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amejiandaa kuwakuta mabazazi, watu wa matusi ya kwenye kioo, amewawekea maneno makali chini ya ulimi. Akawakuta watoto wake. Kila mmoja alikuwa amevushwa na Matone, na kila mmoja sasa alikuwa amemshika mkono mmoja anamvuta.

Ambakisye akasema si vema kuamua kitu bila kukisikia, kwa hiyo atawaonyesha majaribio, ya mara moja tu. Akaweka lebo ya kwanza. Matone akatoka kwenye kioo, akasimama katikati ya mkeka. Mabega yalikuwa yamepanuka mpaka koti limembana, na taya imekuwa kama tofali.

"Habari zenu," alisema, kwa sauti nzito iliyotoka tumboni.

"Huyo anatangaza ratiba ya mazishi," Subilaga alisema kutoka dirishani.

Ambakisye akabadilisha lebo. Matone akayeyuka, akarudi na kope ndefu, na koti likawa limeingia kiunoni.

"Karibuni sana," alisema, laini kama mafuta.

"Na huyo ni sauti ya kwenye basi, anatuambia mlango unafungwa."

Yoramu alicheka. Delfina naye akacheka, akageuza uso ili Yoramu asimwone.

"Nani amelipunguza koti?" Tusekile aliuliza.

"Ni mfumo, bibi. Lebo ya jinsia ndiyo msingi wa nyumba. Sauti, mwendo, umbo, mpaka kicheko, vinajengwa juu yake. Msingi ukikaa, vingine vinajipanga vyenyewe."

"Lile ni koti la mtumba. Mtumba hauna kiuno. Na wa katikati hamna? Wa kuachwa kama alivyo?"

Ambakisye akakuna shingo. "Ilikuwepo, bibi. Tuliandika 'haijulikani'. Mfumo ukachanganya sauti zile mbili, ikatoka kama nyigu ndani ya chupa. Watoto wakalia. Wakubwa wakaona ni rahisi kuifuta lebo kuliko kutengeneza sauti."

"Kwa hiyo mmeshindwa kazi yenu, mkaja kunidai mimi."

Ambakisye alikuwa mtu mwenye haya, na haya zilimshika.

Tusekile akasimama. Magoti yalimlia, akayangoja yamalize.

"Delfina, mwanangu, ulichokiona mtoni kilikuwepo. Nilikichora mimi. Na wewe Yoramu, alichokiona baba yako kilikuwepo, kimechorwa na huyu hapa. Sasa mnataka nimtie Matone mikononi mwa mmoja wenu, na mwingine nimwambie aliota. Mtu aliyevushwa mpaka ng'ambo nimrudishe katikati ya maji, kwa sababu mashine ya watu haina kiti cha tatu? Sifanyi hivyo. Mwandikie mkubwa wako, mwamuzi, mwambie yule bibi wa Tukuyu amekataa, na hakukataa kwa kutokuelewa. Ameelewa vizuri."

"Bibi, ukikataa anakwenda Chumba cha Kimya. Leo hii. Watoto wanaokuja hawatamjua."

"Huo utakuwa uamuzi wenu. Msije mkasema ulikuwa wangu."

Mvua ikapiga bati. Delfina alikuwa ameinamisha kichwa.

Tusekile angeishia hapo, na angekwenda kulala kifua mbele. Lakini macho yake yalikwenda dirishani, akamwona mdogo wake amegeuza sikio kuelekea pale Matone aliposimama, vidole vimetulia juu ya maharage. Ushujaa wote ukamlainika. Ni rahisi kukataa kwa ajili yako mwenyewe.

"Ila," alisema, na sauti ilishuka, "huyu mwenzangu haoni. Hana njia nyingine ya kukutana na Matone isipokuwa masikio. Sheria yenu inasema tukubaliane. Basi na aseme yeye. Akisema mwanamke, ni mwanamke. Akisema mwanamume, nitaitikia, na sitaongeza neno."

Ambakisye akamgeukia Subilaga, akapaza sauti kama watu wanavyowapazia wasioona. "Bibi Subilaga. Umesikia aliyosema dada yako?"

"Usipige kelele, baba. Yaliyokufa ni macho."

"Samahani, bibi. Unasemaje?"

Subilaga akauweka ungo sakafuni, polepole, akihakikisha kwa mguu kwamba umekaa.

"Lebo sitoi. Nilivyomwona Matone ni vyangu, na dada alivyomwona ni vyake. Hatukuulizana tukiwa wasichana wa kugombania penseli, tuje tuulizane leo kwa hofu ya kioo? Mpelekeni huko kwenye chumba chenu. Matone amelala mitoni, hashindwi na chumba. Na nyinyi wawili mlioko hapo mkekani, mnazo picha zake vichwani. Hakuna wa kuja kuzifungia humo. Wasimulieni watoto wenu, kila mtu kwa namna yake, mkikutana mgombane vizuri."

Delfina akaitikia chini chini, "Sawa, mama." Yoramu naye akatikisa kichwa.

"Suba," Tusekile alisema, "mimi nilikuwa tayari. Uliniuliza sauti yake itakuwaje."

"Niliuliza. Na wewe ukakimbia na swali langu, ukaenda kulijibu peke yako." Subilaga aligeuza uso kuelekea sauti ya dada yake. Hakuwa na hasira ya kupaza. Ilikuwa ile iliyokaa muda mrefu mpaka imepoa. "Ulitaka kumuuza Matone kwa ajili yangu, dada, na hukuniuliza kama ninanunua."

"Nilidhani unataka kumsikia."

"Nani, yule mtangazaji wa mazishi? Dada, humu ndani pamekuwa kimya. Macho yangu yalipofunga ulibeba penseli ukahamia jikoni. Unachora kama unaiba. Unadhani sisikii ile karatasi ukiikunja ndani ya kitenge? Nasikia mpaka unapofuta. Na mimi nakaa hapa na maharage, kila siku maharage, hata yasiyo na mawe nayachambua."

Tusekile akakigusa kitenge chake, pale alipozoea kukunjia karatasi.

"Niliona vibaya kuchora mbele yako," Tusekile alisema hatimaye.

"Najua uliona. Wewe ndiye unayeona."

"Basi niambie, Suba." Ilimtoka kwa shida, maana hakuwahi kumwuliza hivyo maishani. "Wewe ulitaka nini?"

Subilaga akapangusa meza iliyokuwa mbele yake kwa kiganja, kutoka ncha hadi ncha, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nilitaka karatasi ije hapa," alisema. "Uchore, kisha uniambie umemwacha wapi Matone, mto umejaa kiasi gani, na nani amesimama ng'ambo anangoja. Halafu unyamaze, uweke penseli chini, nikwambie mimi anafanya nini, na wewe ukichore hivyo hivyo hata kama hukipendi. Hicho tu, dada. Nilitaka zamu yangu."